Cheo Kisicho na Watu

Jumanne asubuhi Hosea alikuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya migomba yake, pale Masukulu, alipoona pikipiki mbili zikisimama barabarani. Ya kwanza ilimshusha mwanawe wa pekee, Andongwisye, sajenti wa jeshi. Ya pili ilimshusha Ikupa, mke wa Andongwisye. Mtu mwingine angetupa mundu na kukimbia kuwapokea. Hosea alisimama palepale, akajiuliza: askari gani anakuja likizo mwezi wa sita bila hata kupiga simu?

"Mwagonile, Tata," Andongwisye akasalimia kwa Kinyakyusa, akainama kidogo kwa heshima.

"Mmefukuzwa?"

Andongwisye akacheka. "Likizo, Tata. Siku tano."

"Askari hupewa siku ishirini na nane."

"Nimeomba tano."

"Nani anaomba likizo pungufu?" Hosea akauliza, lakini mwanawe alikuwa ameshainua mabegi.

Ikupa hakusalimia, wala hakutarajiwa kusalimia. Alikuwa amepinda nyuma ya mgomba na kugeuza uso, kama mkamwana anavyofanya mbele ya baba mkwe katika nyumba zilizoshika desturi. Nyumba nyingi za Rungwe zimeilegeza siku hizi. Utawakuta baba mkwe na mkamwana wameketi benchi moja kanisani. Nyumba ya Hosea haikulegeza. Ikupa hakumtazama usoni, hakula mbele yake, hakulitamka jina lake. Zamani mke wa Hosea, Tulia, ndiye aliyepeleka maneno kati ya hao wawili. Tulia alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo maneno hayakuwa na mpelekaji. Kila walipokuja likizo, Andongwisye akiwa ametoka, Ikupa aliweka sahani ya chakula juu ya kisiki cha mparachichi, akakohoa mara moja, akaondoka. Hosea akisikia kikohozi alijua ugali umefika.

Walipokwisha kunywa chai, Andongwisye alitoa bahasha ya kaki kwenye begi.

"Soma kwanza, Tata. Halafu tutaongea."

Hosea alivaa miwani. Alikuwa amejifunza kusoma barua za serikali kwenye masomo ya jioni ya kiwanda cha chai alikofanya kazi, na aliamini kwamba ukweli wa barua ya serikali huwekwa chini, karibu na muhuri. Kwa hiyo alianza chini. Akapanda juu. Akashuka tena.

Barua ilieleza mpango mpya wa majaribio. Askari mafundi walipewa njia mbili za kupanda. Njia ya Uongozi ilikuwa ile ya zamani: unakwenda kozi, unapewa cheo cha juu, unapewa askari wa kuongoza. Njia ya Utaalamu ilikuwa mpya: unapanda kuwa Fundi Bingwa, daraja la tatu, la pili, hadi la kwanza, mshahara unakwenda sawa na wenzako, lakini, barua ikasema, "bila dhamana ya kuongoza askari". Fomu ilikuwa moja, yenye visanduku viwili na muhuri halisi, na nakala haikukubaliwa. Irudishwe mkononi kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Na pale chini, karibu na muhuri, Hosea alikuta alichokuwa akikitafuta: ambaye fomu yake haitapokelewa atahesabiwa amechagua Njia ya Uongozi, kama ilivyo kawaida.

Akavua miwani.

"Umemfanya nini mkubwa wako?"

"Sijamfanya kitu."

"Basi yeye anataka kukufanya nini?"

"Tata, hii imekuja kwa mafundi wote."

"Wote watachukua ile ya watu. Wewe unataka ipi?"

Andongwisye alitazama kiganja chake. Alikuwa na mikono mikubwa yenye vidole vyembamba mwishoni, mikono ya Hosea mwenyewe. "Ya pili," akasema. "Lakini sikutaka kuweka alama kabla sijakuja kwako. Nataka baraka yako, Tata."

"Cheo kisicho na watu! Sasa mtu akiuliza wewe ni mkubwa wa nani, utasema wa redio?"

"Nitasema mkubwa wa redio."

"Usinichekeshe. Miaka kumi na nne unazitengeneza redio zao. Vikosi vingine vinakuita. Ndiyo maana inafaa wakupe watu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unajua!"

"Najua redio, Tata. Watu siwajui."

"Mimi nilijua mashine za chai. Wakanipa watu ishirini na wanane, nikawaongoza miaka kumi na saba mpaka nastaafu. Nilizaliwa nawajua?"

"Najua, Tata," Andongwisye akasema, na namna alivyolisema neno hilo, polepole na bila kuinua uso, ilimfanya baba yake amtazame mara mbili. Kuna kitu hapa, Hosea akawaza. Mtoto huyu ananificha kitu.

Ni kweli pia kwamba Hosea alikuwa na sababu yake. Kila asubuhi, pale kituo cha kukusanyia maziwa, wakati wazee wakisubiri zamu ya kupimiwa, yeye huwaambia kwamba mwanawe muda si mrefu atakuwa na askari mia nyuma yake. Alikuwa amelisema tangu Pasaka. Kwa watu wa huku ukubwa wa mtu huhesabiwa kwa walio nyuma yake, wale anaowalisha na wanaomfuata kwenye msiba. Na anayejipandisha peke yake, watu humnong'ona, na wazee bado wanasema manong'ono ya majirani ni pumzi baridi inayoweza kumlaza mtu kitandani. Hosea alikuwa Mkristo wa kubatizwa, lakini pumzi hiyo hakutaka kuijaribu.

Jumatano mchana yalinyesha manyunyu ya kipupwe. Simu ya Andongwisye ikalia. Badala ya kuipokea kibarazani akatoka nayo hadi katikati ya migomba. Hosea akachukua mundu, kana kwamba ng'ombe amekosa majani, akamfuata kwa upande.

"Usimwandike Hezron," mwanawe alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Hapana. Sema nilisahau mimi. Ndiyo, niandike mimi. Nikirudi nitatia sahihi."

Machale yakamcheza mzee. Huyo Hezron ni nani? Na kitu gani kimesahauliwa hata kikahitaji sahihi? Akarudi nyumbani na majani mawili tu mkononi, amelowa mgongo mzima, na hesabu ikamkamilikia kichwani: kijana ana kosa jeshini, wakubwa wanataka kumtenga na watu, na ili asione aibu wamempambia kifungo chake kwa jina tamu la Fundi Bingwa.

Alhamisi akapanda pikipiki hadi Tukuyu mjini, kwa Zuber. Zuber alistaafu jeshi akiwa staff sajenti, na sasa aliuza spea za pikipiki kwenye kibanda karibu na stendi. Walifahamiana tangu ujana, na walitaniana bila kuchoka.

"Karibu, mnyapara!" Zuber akamwita kutoka nyuma ya rundo la matairi. "Umekuja kununua au kunusa?"

"Nimekuja kuona kama bado unauza beringi zilizokufa."

"Zinafanana na mwenyewe. Kaa."

Hosea alieleza yote, isipokuwa ile simu ya migombani. Zuber alisikiliza huku akifuta gia kwa tambara.

"Fundi Bingwa," akasema mwishowe. "Jina zuri. Sasa nisikilize, Hosea. Jeshini ukitaka kumjua mkubwa usitazame bega lake. Tazama nani anasimama akiingia. Huyo bingwa wako asiye na watu atapigiwa saluti asubuhi, na saa nne atatumwa chai."

"Nilijua!"

"Tena ngoja. Luteni wa juzi, ndevu hazijaota, amwambie washa mtambo huu. Yeye anajua ukiwashwa utaungua. Atakataa kwa nguvu gani? Hana watu, hana sauti. Mtambo utaungua, na karatasi itasema fundi alikuwepo."

"Ni shimo hilo," Hosea akasema, akainuka. "Ni shimo wamelifunika majani."

"Mbona unaondoka? Sijamaliza. Upande wa pili je? Tulikuwa na fundi wa magari, Yohane. Gari likikohoa getini yeye aliyeko bwaloni anakutajia ugonjwa. Wakampandisha, wakampa watu arobaini. Mwaka haujaisha magari yamelala, na watu wamelala chini ya magari. Fundi tulimpoteza na kiongozi hatukumpata. Kwa hiyo mimi nasema kijana aulize kwanza: kwenye huo mpango, fundi akisema hapana, neno lake linaandikwa wapi? Hosea! Unanisikia?"

Hosea alikuwa ameshavuka mtaro, anamwita mwenye pikipiki. Alichukua nusu aliyoijia, nyingine akaiacha kibandani kwa Zuber.

Jioni hiyo Andongwisye alipeleka maziwa kituoni. Ikupa hakuonekana, ndoo haikuwepo mlangoni, Hosea akadhani ameenda mtoni. Akaingia chumba cha wageni, akafungua begi la mwanawe, akatoa bahasha ya kaki. Alijiambia haibi kitu, anachelewesha tu. Jumatatu saa sita ikipita, barua yenyewe itakuwa imeamua, na siku moja bahasha itaonekana nyuma ya kabati kama vitu vinavyoonekana.

Mahali pa kuificha alikuwa amepafikiria njiani. Bandani, juu ya dari ya fito, palikuwa na sanduku lake la spana. Hakulifungua tangu siku alipopewa ofisi ya usimamizi wa zamu kiwandani, miaka ishirini na nane iliyopita. Alilishusha, kifuniko kikalia, harufu ya mafuta mazito ikampanda puani. Spana zilikuwa zimelala kwa ukubwa wao, kama alivyoziacha. Akaweka bahasha juu yake, akafunga haraka.

Ijumaa alasiri, Andongwisye akiwa anapanga begi la safari, nyumba ikachafuka. Mzee alikuwa jikoni kwake, anachoma ndizi. Ukuta ulikuwa wa mbao, na maneno yalipita kama moshi.

"Ilikuwa hapa chini ya sare. Nimeiweka mwenyewe."

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta mara tatu. Ikupa, nipe karatasi."

"Karatasi gani nikupe? Mimi sina."

"Ulisema mwenyewe kwenye basi. Wake za wakubwa wana nyumba zenye bomba ndani. Ulisema."

"Nilisema. Nimechota maji ya foleni miaka tisa, nisiseme? Kusema ndiyo kuiba?"

"Humu ndani tuko watatu."

Kisha sauti ya Ikupa, chini sana: "Tuko watatu, ndiyo."

"Usithubutu. Tata hagusi begi la mtu. Afadhali afe."

Ndizi ilikuwa imeiva. Hosea aliimenya, akaitia mdomoni, ikamchoma ulimi, hakuitema. Alingoja kusikia zaidi.

"Mwanamke anayemficha mumewe karatasi," Andongwisye akasema, "atamficha na mengine." Mlango ukabamizwa.

Mzee hakutoka. Alijiambia ugomvi wa mume na mke huisha kabla ya chakula cha jioni. Lakini jioni ile kikohozi kilisikika kwenye kisiki, sahani ikawa pale, na alipotupa jicho chumba cha wageni aliona mwanawe ameketi upande mmoja wa kitanda, mabegi mawili yamewekwa mbalimbali.

Jumamosi ilikuwa siku ya safari. Basi lingeondoka Tukuyu saa nane mchana. Asubuhi, jua limekwisha kuchomoza ingawa ukungu ulilificha, Hosea aliingia bandani kwa mlango wa nyuma kuhakikisha sanduku liko sawa. Banda lilikuwa na vyumba viwili: upande wa nyuma majani na vifaa, upande wa mbele ng'ombe, katikati kiambaza cha mianzi. Ng'ombe aliitwa Kiinua. Mama yake ndiye aliyenunuliwa kwa kiinua mgongo cha Hosea, na jina likashuka kwa binti.

Alikuwa ameshika fito moja ya dari aliposikia maziwa yakigonga ndoo. Ikupa alikuwa upande wa pili, anakamua. Desturi ilimtaka Hosea akohoe, ili mkamwana ajue na kugeuka, au ajiondoe. Alifungua mdomo akohoe.

"Simama vizuri, Kiinua," Ikupa akasema. "Leo nakukamua mara ya mwisho. Nikitoka hapa naenda Kisiba kwa mama. Kikosini siendi."

Hosea akafunga mdomo.

"Wewe Kiinua ulikuwepo Alhamisi. Mimi nilikuwa nyuma ya banda nakata majani, ndoo nimeiweka hapo chini. Niliona mabuti kwa chini ya mlango, na sanduku likishuka. Mabuti ni mabuti, siwezi kusema ya nani. Na hata ningetaka kusema, jina hilo mdomo wangu hauruhusiwi."

Maziwa yakaendelea kugonga, polepole.

"Mume wangu nimweleze nini? Nimwambie baba yako ni mwizi? Atanipiga kwa kumtukana mzazi. Nikinyamaza, mwizi ni mimi. Basi nakuambia wewe, ng'ombe, maana wewe humwogopi mtu."

Hosea aliyatazama mabuti yake. Yalikuwa yanaonekana, kweli, chini ya mianzi. Ikupa alijua tangu mwanzo kwamba yupo.

"Watu wa huku wanadhani mume wangu amekosa kitu jeshini. Kosa lake nitakutajia. Tangu mwezi wa kwanza amekaimishwa karakana nzima, askari ishirini na wawili. Kijana wake Hezron akichelewa, yeye anasema nilimtuma mimi. Mwingine, Anyosisye, akipoteza kifaa, mume wangu anaandika jina lake yeye mwenyewe. Kumwadhibu mtu hawezi, kumkaripia hawezi. Faili lake lilikuwa jeupe kama haya maziwa. Sasa limejaa makosa ya watu wengine. Redio zimepangana kwenye rafu zinangoja, kwa sababu anayezijua yuko ofisini anapanga zamu za kufagia. Akirudi nyumbani anaomba pasi mbovu za majirani, ili mikono isisahau. Na analala vibaya, Kiinua. Ananiambia, siku moja kijana atashika waya wenye moto mimi nikiwa naandika majina. Ananiambia niliona mwenyewe, nilipokuwa mtoto."

Mkono wa Hosea ulibaki juu kwenye fito.

"Alikuwa akipeleka chakula kiwandani. Aliona mashine ya kusaga majani inalia vibaya, na aliyeijua kuliko wote yuko nyuma ya kioo anaandika waliochelewa. Halafu akaona mkono wa mtu."

Sasa kila mtu wa Masukulu alikuwa akiijua habari ya Lukasi, mmoja wa wale watu ishirini na wanane wa Hosea, kwa namna Hosea alivyoisimulia. Lukasi alipoteza vidole viwili kwenye mashine kwa uzembe wake, kwa kuingiza mkono bila kutazama. Hosea aliisimulia hivyo mbele ya meneja, akaisimulia hivyo nyumbani, akaisimulia mpaka ikawa ndiyo iliyotokea. Lakini masikio yake hayakuwahi kukubali. Alikuwa ameisikia beringi ile ikilia. Enzi za ufundi wake angeacha hata sala kwenda kuizima. Siku ile alisema moyoni, nimalizie kwanza orodha, mimi sasa ni msimamizi. Alikuwa amebakiza majina manne.

Alipozungumza, sauti yake ilitoka kavu.

"Kiinua. Mtoto huyo alikuwa na umri gani?"

Ukamuaji ukasimama. Ng'ombe akageuza shingo, akaitazama mianzi.

"Kiinua," Ikupa akasema, "mwambie aliyeuliza kwamba alikuwa darasa la tano."

"Na hakuwahi kusema?"

"Hakuwahi. Alisema Tata anaiamini anavyoisimulia, tumwachie."

Hosea aliketi juu ya rundo la majani. Kwa hiyo ile "najua, Tata" ilikuwa hiyo. Siku tano amemchunguza mwanawe kwa simu, kwa begi, kwa namna ya kuinua kikombe, akitafuta kilichofichwa. Kumbe kilichofichwa kilikuwa chake, na mtoto alikuwa amemtunzia.

"Kiinua," akasema, "mwambie huyo anayekukamua asiende Kisiba. Angoje nitoke hapa."

Aliteremsha sanduku zima, akalibeba mbele ya kifua mpaka uani. Andongwisye alikuwa kibarazani anafunga kamba za viatu. Nyuma, Ikupa alitoka bandani na ndoo, akamwona baba mkwe, akapinda nyuma ya migomba. Hakwenda mbali. Kitambaa chake cha kichwa kilionekana kati ya majani.

Hosea akaweka sanduku chini, akafungua kifuniko.

"Nimeichukua mimi," akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye hatua mbili mbele yake. "Alhamisi jioni. Si mtu mwingine wa nyumba hii. Mimi, Hosea."

Andongwisye aliitazama bahasha iliyolala juu ya spana. Hakuigusa upesi. Uso wake ukawaka, kisha ukapoa, na kilichobaki ni uchovu.

"Ulisoma pale chini," akasema. "Karibu na muhuri."

"Nilisoma."

"Kwa hiyo uliniamulia."

"Nilikuamulia."

"Na jana ulikuwa jikoni. Ulisikia nikimwambia mke wangu yale maneno."

"Nilisikia yote."

Hapo Hosea alitegemea kelele. Angezipokea. Lakini mwanawe alichuchumaa tu, akachukua bahasha, akatoa fomu, akaitandaza juu ya kifuniko cha sanduku na kutoa kalamu mfukoni.

"Ngoja," Hosea akasema. "Sikuzuii. Lakini karatasi hiyo bado siiamini. Zuber anauliza hivi: fundi akisema mtambo huu usiwashwe, neno lake linaandikwa wapi? Kama haliandikwi popote, wamekuwekea shimo."

Andongwisye akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alionekana kumsikiliza baba yake kama fundi anavyomsikiliza fundi.

"Nimejiuliza hilo," akasema. "Mimi pia siwaamini sana, Tata. Huenda mpango ukafa mwakani, tukabaki tunachekwa. Lakini wakinidanganya, bora wanidanganye nikiwa na bisibisi mkononi. Nikiwa na watu, atakayeumia si mimi."

Aliweka alama ya vema kwenye kisanduku cha pili. Chini, mahali pa maoni, akaandika swali la Zuber kwa herufi kubwa, akatia sahihi. Hosea aliona kila kitu, hakufichwa.

"Baraka yangu unayo," mzee akasema. "Kama bado unaihitaji."

"Naihitaji."

Kisha Andongwisye akafunga bahasha. Hakuirudisha kwenye begi. Alitembea nayo hadi kwenye migomba, akamkabidhi mkewe kwa mikono miwili, akasema kitu ambacho Hosea hakukisikia. Ikupa aliipokea, akaifunga ndani ya khanga yake, tumboni, akavuta fundo mara mbili. Hosea alielewa vizuri bahasha ile inafungwa mara mbili kwa ajili ya nani, akatazama pembeni.

Walipoondoka aliwasindikiza hadi barabarani, yeye nyuma hatua ishirini ili Ikupa aweze kutembea bila kupinda. Pikipiki mbili zilikuja. Andongwisye alimshika baba yake mkono, akaubana, akapanda. Ikupa alipanda ya kwake akiwa ametazama mbele, mkono mmoja tumboni juu ya fundo.

Jioni Hosea alikwenda kukamua mwenyewe. Maziwa yalikataa mwanzoni. Kiinua alikuwa ameshazoea mikono mingine.

"Kiinua," mzee akaanza. Akangoja, sikio limeelekea kwenye mianzi. Upande wa pili palikuwa na majani tu.

Alikamua mpaka mwisho, akafunika ndoo, akanawa mikono. Jua lilikuwa bado lipo juu ya kilima, na nyumba ya Lukasi haikuwa mbali, kupita kituo cha maziwa na kuteremka kidogo. Njiani wazee wangemuuliza habari za yule mwenye askari mia. Angewajibu kwamba ni fundi. Akachukua fimbo yake, akaondoka, kwa maana alilokuwa nalo la kumwambia Lukasi halikuwa la kumwambia ng'ombe.